Dawa Iliyosagwa Vizuri Mno

Nyumbani, 4 Februari

Mke mwenzangu,

Salamu zako zimefika, na mafuta ya kujipaka yamefika nusu chupa, nusu nyingine imebaki kwenye karatasi kwa sababu kifuniko hukukikaza. Ulizaliwa na haraka hivyo hivyo. Sisi wazima. Mguu wangu wa kulia unauma nikiamka, ikifika saa nne unaacha wenyewe, na mimi siubembelezi. Mjomba wako bado yuko kule kwenye ujenzi, anarudi mwisho wa mwezi na gunia la nguo chafu. Pacha wake wameng'oka meno ya mbele wote wawili wiki moja, basi nyumba nzima sasa tunaongeleshwa kwa mate.

Simu usinipigie tena. Sikio langu unalijua, na siku ile ulipopiga nilikuwa natangaza choo cha mume wetu kwa sauti mpaka mpangaji wa chumba cha mbele akafunga dirisha. Andika. Nasoma mwenyewe, polepole lakini nasoma. Na hii naandika kwa mkono wangu, kwa hiyo herufi zangu usizicheke.

Sasa huyo mume wetu. Tangu kiharusi kimwangushe juu ya cherehani yake huu ni mwezi wa sita. Kumeza bado, mrija uko puani pale pale. Mkono wa kushoto unafanya kazi. Maneno hana, ila macho yake si unayajua, ananisema kwa macho kutwa nzima na mimi namjibu.

Kazi tumegawana na mke wa mjomba wako. Mama Pacha anamgeuza, anamuosha, anampa uji wa maziwa kwa sirinji. Dawa ni zangu. Nimekataa mtu mwingine asizishike. Kuna ile ya presha, kuna ile ya kufanya damu isigande, na kuna zile kapsuli za rangi mbili za kupunguza asidi tumboni, kwa ajili ya vidonda alivyovipata kwa kushona tangu asubuhi bila kula. Nafanya kama ulivyotufundisha ulipokuja likizo mwezi wa kumi na moja: saga kila kitu mpaka kilainike, mrija usije ukaziba. Zile kapsuli nazifungua, namimina punje zake kwenye kinu changu kidogo. Ni ngumu, mke mwenzangu, zinaruka kama zimeona moto. Lakini zinakutana na mimi. Nazitwanga mpaka ziwe poda, ungeweza kujipaka usoni ukaenda harusini. Miaka ishirini na mbili nimepika kantini ya kiwanda, na hakuna mwanamume aliyewahi kukuta donge kwenye uji wangu. Mrija haujaziba hata siku moja. Waambie hilo manesi wenzako.

Mama Pacha alitoka kuchukua dawa zahanati akaja na maneno kwamba mtoa dawa wa dirishani amesema hizo punje hazisagwi. Nikamuuliza, nesi wa ukoo huu ni yule wa dirishani au ni mjukuu wangu? Akaenda kuosha sirinji. Anajua kunyamaza, ndiyo maana tunaelewana.

Tutumie sirinji mbili kubwa. Hii imekuwa ngumu kusukuma, inaninyanyasa vidole.

Bibi yako, mwenye kinu.


Wodini, 1 Machi

Bibi, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Tumekuwa na wagonjwa ishirini na nane kwenye vitanda ishirini na nne, na mwenzangu wa zamu alivunjika kidole cha mguu kwa kupiga teke toroli lililokwama. Alikuwa na hasira nalo tangu mwaka jana. Mimi mzima. Chumba kile kile, na yule ninayeishi naye bado anakoroma kama pampu ya maji.

Msalimie mume wetu, mwambie nimeona suruali dukani imeshonwa vibaya nikamkumbuka.

Barua yako nilimsomea msimamizi wa wodi. Alicheka mpaka akakaa chini, akasema tukuajiri, maana sisi huku mrija unatuzibia kila wiki. Kwa hiyo endelea hivyo hivyo, Bibi. Unachofanya ni kizuri kuliko tunachofanya sisi. Usisahau tu maji ya kusafisha mrija, kabla na baada, na kuvuta kidogo kwa sirinji uone kilichomo tumboni kabla ya kumlisha.

Sirinji ni hizi, nimeweka nne. Msalimie Mama Pacha, mwambie mgongo wake autunze, mzee ni mzito.

Mjukuu wako.


Nyumbani, 20 Machi

Mjukuu wangu,

Sirinji zimefika. Sisi wazima kiasi chake.

Mama Pacha ameenda kwa kaka yake kupumzika na watoto ameenda nao. Mgongo, kama ulivyosema. Kazi zote nafanya mimi na siyo nyingi kama watu wanavyopenda kulalamika. Mpangaji wa mbele ananisaidia kumgeuza, ana nguvu ila hana adabu ya mikono, anamgeuza mtu kama godoro.

Babu yako amekuwa mkaidi. Nikija na sirinji anaukunja mrija kwa mkono wa kushoto, anaubana hivi, ananitazama. Lazima nimfungue vidole kimoja kimoja. Ni ugonjwa tu huo, nadhani.

Nina swali na usiniulize kwa nini. Kahawa ikipita kwenye mrija, kidogo tu, inaweza kumdhuru mtu mwenye vidonda vya tumbo? Nataka jibu la nesi, sitaki hadithi.

Hapa joto. Ukuta wa jikoni umeanza kubanduka rangi.

Bibi.


Wodini, 8 Aprili

Bibi, shikamoo.

Natumaini mguu umepoa. Huku mvua, nguo hazikauki, tunavaa sare zenye unyevu na kunuka kama mbwa. Pole kwa kazi. Nilishangaa kusikia Mama Pacha amesafiri, sikujua kama mgongo umefikia hapo.

Kahawa asipewe. Inachokoza tumbo lenye vidonda. Lakini kwa nini unauliza? Kuna mtu amempa? Yeye mwenyewe anaonekanaje, rangi yake, choo chake?

Halafu kuna kitu kidogo. Zile punje za kapsuli ya asidi, bado unazisaga? Nilikuwa nafikiri labda ungepumzika kidogo kuzisaga. Labda umuulize yule mtoa dawa wa zahanati kama kuna aina nyingine ya dawa hiyo, inayoyeyuka kwenye maji. Si jambo la haraka, ni wazo tu. Kazi yako si mbaya, Bibi, usinielewe vibaya.

Nitaandika zaidi nikipata nafasi.

Mjukuu wako.


Nyumbani, 24 Aprili

Mjukuu,

Sisi tupo. Salamu nakupa kwa sababu nimelelewa.

Umeniambia kazi yangu si mbaya. Ahsante. Mwezi wa tatu nilikuwa wa kuajiriwa, mwezi wa nne nimekuwa wa kwenda kumuuliza mtu wa dirishani, tena mtu ambaye Mama Pacha ndiye aliyemleta kwenye mazungumzo. Nimejiuliza nani amekuandikia. Kama ni yeye amekuandikia, basi na mimi sasa nakuandikia, upate habari zote mbili.

Hakwenda kupumzika. Nilimfukuza.

Tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, asubuhi, nilivuta sirinji kabla ya dawa kama ulivyotufundisha. Ikaja kahawa. Maji ya rangi ya udongo yenye machicha meusi meusi, yale yanayobaki chini ya kikombe. Na kikombe chenyewe kiko pale, kwenye stuli, nusu kimejaa, cha Mama Pacha. Babu yako unamjua na kahawa. Kabla hajaanguka alikuwa anakunywa vikombe vitano na sindano iko mdomoni. Kila asubuhi Mama Pacha akinywa, yeye anakitazama kile kikombe mpaka mtu unaona haya kwa niaba yake. Na yule mwanamke ana moyo wa siagi. Amemwonea huruma, akamsukumia kahawa kwenye mrija wakati mimi niko uani. Mtu mwenye vidonda.

Nikamuuliza. Akasema hajampa. Nikamwonyesha sirinji. Akasema, mama, mimi sijui hiyo ni nini lakini sijampa. Nilikuwa naenda bombani kuchota maji, nikaenda naye, nikamsema pale pale mbele ya foleni ya ndoo. Niliwaambia tazameni mtu anayemuua baba mkwe wake kwa kahawa halafu anakana na ushahidi uko kwenye bomba la sindano. Mchana ule alifunga vitu vyake. Mjomba wako alivyorudi alipita hapa, akasimama mlangoni, akaniuliza kama ni kweli niliyasema yale mbele za watu. Nikamwambia ni kweli. Sasa analala kule kwa shemeji yake na mkewe. Akirudi kutoka kazini ananiletea sabuni na maziwa ya baba yake, anaweka, anaenda kwa baba yake dakika kumi, anaondoka.

Basi hiyo ndiyo kazi yangu mbaya. Nimeilinda nyumba yangu. Dawa nasaga mwenyewe, vilevile, na nitaendelea.

Choo chake umeuliza. Ni cheusi na kinanata kama lami. Amepauka, mikono ya baridi. Ni uzee.

Bibi yako.


Wodini, 2 Mei

Bibi, shikamoo.

Barua yako ilifika juzi mchana, nikaisomea kwenye ngazi. Nilipofika kwenye machicha ya kahawa nilimpigia mjomba hapo hapo, kwa hiyo ukisoma hii mzee atakuwa hospitali tayari. Mjomba ameniambia wamempokea na wamemwekea damu. Kwenye simu sikumweleza sababu. Nilimwambia tu beba baba, kimbia. Yaliyobaki nakuandikia wewe, kwa sababu mimi siwezi kuyasema kwa mdomo.

Ile haikuwa kahawa. Ni damu. Damu ikivuja tumboni ikakaa na asidi inageuka hivyo, kahawia yenye machicha, na ikishuka chini inakuwa choo kama lami. Nesi wa mwaka wa kwanza anajua. Ungeniandikia siku ile ile ningejua. Silaumu. Ungeniambia mimi nini, na mimi nilikuwa nakuficha.

Tarehe kumi mwezi wa tatu aliletwa mfamasia kutufundisha. Alichukua kapsuli kama za mzee, akamwaga punje kiganjani, akatuuliza mnazifanyaje kwa wagonjwa wa mrija. Tukasema kwa kujivuna, tunasaga. Akasema hizi hazisagwi. Kila punje ina ganda jembamba, Bibi. Lile ganda ndilo linaloilinda dawa isiharibiwe na asidi ya tumbo mpaka ishuke kwenye utumbo. Ukisaga, ganda linavunjika, na dawa inakufia tumboni kabla haijafanya kazi. Kadiri ulivyosaga vizuri ndivyo mzee alivyokuwa hapati kitu. Na ile ya kufanya damu isigande ikaendelea kumchubua tumbo lisilo na ulinzi, tangu mwezi wa kumi na moja.

Niliyekufundisha ni mimi. Mtoa dawa wa dirishani alikuwa sahihi na Mama Pacha alikuwa sahihi. Nilirudi chumbani siku ile nikasema nitaandika kesho. Kesho ikawa wiki. Nilikumbuka msimamizi alivyocheka, ulivyofurahi, nikaona aibu. Mwezi wa nne nikakuandikia ile barua ya kuzungukazunguka, nikajidanganya kwamba nimesema. Wiki saba na siku kadhaa, Bibi.

Na si wewe peke yako. Kuna wagonjwa wanne wameondoka wodini kwetu na mrija mwaka huu, na ndugu zao niliwafundisha mimi, kwa sauti ile ile. Hao sijawaambia mpaka leo.

Naomba kitu kimoja. Ukienda kwa Mama Pacha, mwambie kosa ni langu. Waambie na wa bombani. Mimi niko mbali, mimi hawatanitazama usoni. Wewe unaishi pale.

Mjukuu wako, kama bado.


Nyumbani, 1 Juni

Mjukuu wangu,

Kwanza ondoa hilo neno lako la mwisho. Mjukuu hafutwi kwa barua. Pili, sisi wazima, na mume wetu yupo hai. Amekaa hospitali siku nane, amewekewa chupa mbili za damu, moja imetoka kwa mjomba wako. Daktari wake ni msichana wa rika lako, anaongea taratibu kama ananisomea mimi peke yangu. Amembadilishia dawa. Sasa ni kidonge kinachowekwa ndani ya sirinji na maji, kinafumuka chenyewe, unatikisa, unasukuma taratibu. Maji kabla, maji baada. Kinapewa peke yake, hakichanganywi na uji wala na dawa nyingine. Hakuna kinachosagwa. Alinifanya nirudie mbele yake mara tatu, na mara ya pili nilikosea, nikamwambia nimekosea, nionyeshe tena. Sijawahi kumwambia mtu maneno hayo tangu nijifunze kupika.

Barua yako imekaa chini ya mto wangu siku kumi kabla sijaweza kuijibu. Nimeisoma mpaka imechanika kwenye mkunjo.

Kosa la kusaga ni lako, nalichukua nusu kwa sababu niliambiwa na mtu aliyetoka dirishani nikamtukana. Hapo tumegawana. Lakini usinibebee la kahawa. Wewe hukuniambia ni kahawa. Hilo nililitunga mimi mwenyewe na nikalipeleka bombani kwa miguu yangu.

Tena kuna kitu sikukuandikia. Nilikuwa sitaki kukiandika na hata sasa mkono hautaki.

Ilitoka tena. Mama Pacha alishaondoka wiki tatu, kikombe hakuna, kahawa yenyewe haimo ndani ya nyumba, mimi ndiye peke yangu ninayempa yule mzee uji na dawa. Nikavuta sirinji, ikaja ile ile. Nilisimama pale nayo. Mtu aliyepika miaka ishirini na mbili, mjukuu wangu, mtu anayejua chumvi kwa harufu, hakuinua ile sirinji akanusa. Niliogopa kunusa. Nikaimwaga nyuma ya choo nikasuuza na maji mawili. Siku nne baadaye ikaja tena, nikaimwaga tena. Ndipo nikakaa nikakuandikia ile barua ya kiburi, kwamba nimeilinda nyumba yangu. Nilipoiandika nilishajua kwamba yule mwanamke hakufanya. Sikujua ni nini, lakini nilijua si yeye. Ningeweza kwenda kumwita siku ile. Nilimwacha mume wangu avuje damu ili nisivuke barabara nikaseme nimekosea.

Na ule ukaidi wake, ule wa kukunja mrija. Tangu atoke hospitali, mjomba wako akimpa uji hakunji. Mpangaji akimpa hakunji. Ni mimi tu. Yeye alikuwepo chumbani, alikuwa anajua nani amempa nini, na hana mdomo wa kusema. Hilo nalo nilikuandikia kuwa ni ugonjwa.

Jumanne ya wiki iliyopita nilienda kwa kaka yake Mama Pacha. Wanakaa chumba cha nyuma ya duka la kutengeneza redio, mlangoni kuna maspika yamepangwa kama matofali. Alikuwa anapiga pasi sare za watoto. Hakuniambia karibu wala hakuniambia toka. Pacha walinikimbilia, akawatuma nje. Nikasimama, kwa sababu kiti kilikuwa kimoja na kilikuwa na nguo. Nikamwambia yote, nikasoma na barua yako, pale pa damu na pale pa ganda. Nilisoma vibaya, nilikwama kwama, na yeye anasoma vizuri kuliko mimi lakini hakuniomba karatasi. Aliniacha nikwame.

Nilipomaliza akaniuliza, bila kuniangalia, "Nilipoondoka, ilitoka tena?"

Hapo ningeweza kusema sikumbuki. Wazee tunaruhusiwa kusahau.

Nikasema, "Ilitoka."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Na hukuja."

"Sikuja."

Akaisimamisha pasi. Akakunja ile sare, akaiweka, akachukua nyingine, akaanza nayo. Nilikaa nimesimama mpaka mguu ukafa ganzi. Mwishoni akasema sitaki pole yako hapa chumbani, hapa hakuna mtu aliyesikia ukinisema. Uliponisema kulikuwa na ndoo kumi na moja, nilizihesabu kwa sababu sikuwa na pa kuangalia.

Kesho yake asubuhi nikaenda bombani. Nilichagua ile saa ya foleni ndefu, nisije nikajihurumia. Nikaweka ndoo yangu chini nikawaambia wanisikilize. Walidhani nimekuja kumsema mtu mwingine, wakasogea, wanapenda. Nikawaambia ile haikuwa kahawa, ilikuwa damu ya mume wangu, na ilivuja kwa sababu dawa nilikuwa nampa vibaya kwa mikono yangu. Mama Pacha hakumpa chochote. Nilimsingizia hapa, na nilijua kabla ya leo kwamba nimemsingizia. Yule mfua nguo za watu, unamjua, mdomo wazi siku zote, akaniuliza kwa hiyo ni wewe. Nikamwambia ndiyo, ni mimi. Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka. Maji yalikuwa yanamwagika kwenye ndoo iliyojaa na hakuna mtu anayefunga.

Nikageuka nikaondoka. Nimefika mlangoni kwangu nikakuta mkono mtupu, ndoo nimeiacha kule. Ikabidi nirudi kuichukua, mjukuu wangu, nipite katikati yao tena, nainama, naiokota. Kusema kule kulikuwa kugumu. Lakini kurudia ndoo ndiko kulikonimaliza.

Wewe sasa. Una watu wanne. Usiniambie unatafuta maneno, maneno umeshaniandikia mimi, uyanakili tu. Anza na yule aliyeondoka mapema zaidi. Kama hujui anwani zao, ziko kwenye vitabu vyenu vya wodi, na msimamizi wako aliyecheka barua yangu akusaidie kuzitafuta, amalizie kicheko. Ukiona aibu, ione huku unaandika. Usingoje ipoe, mimi nimengoja, haipoi.

Mama Pacha anakuja tangu Alhamisi. Anafika asubuhi watoto wakishaenda shule, anaondoka saa tisa. Halali hapa. Vitu vyake hajavirudisha. Ananiamkia shikamoo kama anavyomwamkia mwenye duka, neno la mama halimo. Nimeitikia marahaba na sikuongeza kitu. Ameweka sharti moja: akimpa babu yako chakula na dawa, mimi nisiwemo chumbani. Hakutoa sababu na mimi sikuwa na pa kuiombea.

Kwa hiyo hii naiandika nimekaa koridoni, kwenye kigoda, nje ya mlango wa chumba changu mwenyewe. Umerudishwa nusu. Namsikia anamsimulia jambo, sauti ya chini, na babu yako anacheka, ile sauti yake mpya ya kama mtu anasukutua. Miezi tisa sijamsikia akicheka. Sijui wanacheka nini. Siwaulizi.

Bibi yako, ambaye bado yupo.